Nakala Niliyoitoa Kwenye Bahasha Yako

Ndiyo, Akoth, ni mimi niliyeitoa. Ukifungua ile bahasha ya kaki uliyoificha chini ya sweta ya kijani, hutaiona nakala ya kitambulisho changu cha zamani. Utaona barua hii mahali pake. Usimlaumu Mwangi. Hakuigusa, wala hajui kwamba uliichukua. Niliichana vipande vinne nikavisukuma jikoni chini ya karai, na moto huo ndio uliokaanga samaki uliyemla leo ukasema ni mtamu.

Asubuhi uliniuliza, "Nani atajua, Mama?" nami nikanyamaza. Ulipoona nimenyamaza ukaongeza: "Tangu uolewe na huyo Mwangi wako wa viazi umekuwa mtakatifu. Na mimi ndiye nalipishwa huo utakatifu." Ukaenda kukunja nguo zako, na tangu hapo hatujazungumza ila juu ya zipu ya begi. Kesho alfajiri unaondoka. Najijua: nitakukumbatia, nitalia, sitasema lolote la maana. Kwa hiyo naandika.

Mambo ya sweta na chakula na kupiga simu ukifika sitayagusa. Nakuru ina baridi, utaivalia mwenyewe. Dada yake Mwangi ni mtu mwema, atakupa kazi ya asubuhi kwenye kibanda chake cha chai, na jioni utasoma pale kwenye kituo cha masomo pamoja na wengine walioacha shule kama wewe. Hayo tulishayapanga. Linalotusumbua ni moja tu. Kituo wanataka cheti chako cha kuzaliwa, na kwa kuwa hujachukua kitambulisho, wanataka pia nakala ya kitambulisho cha mama aliyeandikwa kwenye cheti hicho. Cheti chako kinasema mama yako ni Achieng. Kitambulisho changu kipya kinasema Akinyi. Kuandikisha watahiniwa wa kibinafsi kunafungwa mwisho wa mwezi huu. Ukiachwa nje, ni kungoja mwaka mwingine, na wewe umekwisha kupoteza miwili. Najua, mwanangu. Najua yote hayo, na bado nimeichana.

Nilikuambia ni makosa ya ofisi. Nilikudanganya. Ofisi waliandika walichoambiwa.

Unalijua kaburi lililo nje ya ua wa Dani, mama yangu, kule Asembo Bay, upande wa mikonge. Miaka miwili uliyokaa kule ulilipita kila siku ukienda kuteka maji. Uliambiwa ni la dada yangu aliyekufa msichana, na kwamba kwetu msichana ambaye hajaolewa hazikwi ndani ya boma. Jina lake hukuambiwa. Nililificha kama watu wanavyoficha ugonjwa. Aliitwa Achieng.

Alinizidi miaka miwili. Yeye alipenda shule kama mimi nilivyopenda soko. Alifanya mtihani wa darasa la nane akapita kuliko wasichana wote wa kwetu, akapata barua ya kuitwa sekondari, na karo ikakosekana. Akaambiwa angoje mwaka ujao. Basi akawa anaanika omena, wale dagaa wa ziwani, na mama yetu, na kila jioni anafungua sanduku la bati, anaitoa ile barua, anaisoma yote mpaka sahihi ya chini, anairudisha pamoja na cheti chake cha darasa la nane. Viatu vya shule alikuwa amekwisha kununuliwa, vyeusi, vya kamba. Hakuvivaa hata mara moja, alisema vitachakaa kabla ya siku yake. Homa ilimchukua kwa siku tatu. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Mimi hakuna aliyeninyima shule. Hilo sijawahi kukuambia. Niliiacha mwenyewe katika darasa la sita kwa upuuzi wangu, kwa sababu ya kijana mmoja aliyekuwa na redio na shati la maua. Nilipenda kupendwa, Akoth. Bado napenda, unaniona. Achieng alinifuata sokoni akanishika mkono, akasema, "Akinyi, rudi darasani, mimi ningekaa hata sakafuni." Nikamwambia akae basi.

Njaa ya kusoma ilinijia nikiwa na miaka ishirini na minne, hapa Obunga, nikiuza mgongo wazi, mifupa ya samaki iliyonyofolewa minofu, kama ninavyouza sasa. Ilikuwa ni aibu iliyoileta. Kila mteja mwenye fomu ya kujaza alimpa mwenzangu, mimi hawakunipa. Nikajiunga na darasa la watu wazima, ngumbaru kama watu wanavyoliita kwa dharau. Nilisoma, mwanangu! Nilisoma karai likichemka, nikiweka kitabu juu ya ndoo iliyopinduliwa, kurasa zikanuka mafuta hadi mwalimu akawa anasema anajua daftari langu kwa pua. Ndani ya miaka miwili nilikuwa nafanya hesabu za kidato cha tatu.

Ndipo mwalimu akaniita kando. "Akinyi, kichwa unacho. Lakini mtihani wa kidato cha nne hawatakuandikisha bila cheti cha darasa la nane. Ufanye mtihani huo wa nane kwanza."

"Ni muda gani, Mwalimu?"

"Mwaka mmoja tu."

"Mwaka mmoja tu!"

"Utapita hata usipousoma," akasema, akacheka.

Sikucheka. Kulikuwa na zahanati iliyotaka karani wa mapokezi mwenye cheti cha kidato cha nne, na niliambiwa kwamba mwaka ule ukiisha wataandika mtu. Nilipanda gari la Asembo siku ya soko, nikijua mama yangu yuko ufuoni akinunua omena. Nikafungua sanduku la bati. Barua ya shule ilikuwa juu, imechanika kwenye mikunjo. Cheti kilikuwa chini yake. Nikasimama nacho nikajiuliza, kwa sauti kabisa, nani atajua? Ni maneno yako yale yale ya asubuhi. Ndiyo maana nilishindwa kukujibu.

Sikuwa nimechukua kitambulisho bado. Nani alikihitaji kukaanga samaki? Nikakichukua kwa jina lake, mwaka wake wa kuzaliwa, kila kitu. Halikuwa jambo gumu hata kidogo, na wepesi huo unanitisha mpaka leo. Sisi Wajaluo tuna majina mengi, la wakati wa kuzaliwa, la marehemu, la kanisani. Nikisema Akinyi ni la nyumbani na Achieng ni la karatasi, nani angeshangaa? Hata wewe hukushangaa miaka yote hii.

Siku ya kwanza ya mtihani wa kidato cha nne niliingia ukumbini nikakuta karatasi ndogo imebandikwa juu ya dawati, na juu yake jina lake. Nililiziba kwa kiganja. Msimamizi akaita majina. Alipofika hapo sikuitika. Akaita tena, na kabla sijafungua mdomo nikahisi mtu ameinuka nyuma yangu, unajua ule upepo wa mtu anayesimama karibu nawe. Nikageuka. Nilikuwa nimekaa mstari wa mwisho. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

"Wewe si ndiye Achieng?"

"Ndiye, Mwalimu."

"Basi itika, mama. Jina ni lako ama umeazima?"

Ukumbi mzima ukacheka. Nami nikacheka nao. Wewe ulikuwa tumboni, miezi minne. Nilipoanza kuandika insha niliona mkono wangu unaandika herufi kama zake, zenye mikia mirefu iliyopinda kushoto. Sikuwahi kuandika hivyo kabla. Nilijaribu kurudi kwenye mwandiko wangu nikashindwa mpaka kengele.

Nilipita. Nilipita vizuri, Akoth, na alama zile nilizitafuta kwa jasho langu, na siwezi kumwonyesha mtu yeyote. Kwenye karatasi aliyepita ni msichana aliyekuwa ardhini miaka kumi na moja.

Tangu matokeo yale ndipo Achieng alipoanza kuja. Hakuja kwa hasira. Anakuja ameshika vile viatu vyeusi mkononi, miguu ina mchanga, anasimama mlangoni anauliza, "Akinyi, matokeo yangu yametoka? Wamenipanga shule gani?" Anangoja. Alizoea kungoja. Kisha naamka.

Sasa nikuambie baya zaidi, ambalo ni lako wewe.

Ulipozaliwa ulilia siku sita. Dani alikuja kutoka Asembo, akakupakata, akafanya kama wazee wanavyofanya mtoto asiponyamaza, kukuitia majina ya marehemu wetu moja moja, ili yule anayetaka kurudi kwa jina lake ajulikane. Akataja la babu yako. Ukalia. Akataja la shangazi yake. Ukalia. Akaniangalia, akasema taratibu, "Achieng." Ukanyamaza. Ukafungua macho ukatazama taa.

Mama yangu akalia kwa furaha. "Nimemwota mara mbili," akasema, "nilijua anakuja. Nyathina, mtoto wangu huyu, ni Achieng."

Nikasema, "Hapana."

"Hapana nini?"

"Hataitwa hivyo."

Fikiria, mwanangu. Angeliita jina hilo uani Obunga, majirani wangeuliza ni la nani, naye angewaeleza kwa fahari: ni la binti yangu aliyekufa. Na kufikia hapo majirani walikwisha kunijua kwa jina la karatasi, Achieng. Zahanati ilinijua hivyo. Ilinibidi nimwambie ukweli pale pale. Nilimweleza kila kitu, sanduku, cheti, kitambulisho, mtihani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akakurudisha mikononi mwangu, nawe ukaanza kulia upya.

"Umeshamchukua wewe," akasema. "Basi mtoto alie."

Akafunga leso yake akaenda zake siku ile ile. Nikakuita Akoth kwa sababu ulizaliwa mvua ikinyesha. Ni jina zuri, nalipenda, lakini nalijua jinsi lilivyokuja. Nilipoandikisha cheti chako, kwenye nafasi ya mama nikaandika Achieng. Dada yangu ambaye hakuwahi kuguswa na mwanamume akawa na mtoto serikalini.

Zahanatini nilifanya kazi miaka kumi na saba. Uliniona nikitoka kila asubuhi na sketi iliyopigwa pasi, ukajivunia. Nami nilijivunia. Lakini kuna mama mmoja mzee, mchuuzi wa samaki wa kwetu Asembo, aliyekuja na mjukuu mwenye homa. Nilikuwa naandika kwenye daftari la wagonjwa. Akasoma kibandiko cha jina kifuani mwangu, polepole, kwa midomo.

"Achieng. Nyar Asembo, binti wa Asembo?"

"Ndiyo, Mama."

"Wa nyumba ile ya mikonge?" Akanitazama usoni. Nilifanana na dada yangu, kila mtu alisema. "Achieng wa pale si tulimzika? Mimi nilikuwa nimeshika taa."

Ningeweza kusema, mimi ni mdogo wake. Maneno manne tu. Nikasema, "Unanifananisha, Mama."

Akarudi nyuma hatua moja, kisha ya pili. Akamfunika mtoto uso kwa leso ili nisimtazame. "Kama ni wewe," akasema, "tulikuzika vizuri. Tuache." Akatoka na mtoto bila kumwona daktari. Niliinuka kumfuata, nikafika mlangoni, nikasimama. Ningemwitaje? Ningejitambulisha kwa jina gani? Sijui yule mtoto alitibiwa wapi. Sijui kama alitibiwa. Nimeulizia Asembo mara nyingi kwa kuzunguka zunguka, hakuna anayejua ninamuulizia nani.

Unaona sasa kwa nini nilikutoa wewe shule? Dani alipopooza upande mmoja, mtu wa kumtunza alikuwa mimi, binti yake. Lakini kuacha kazi ile, kukaa Asembo ambako kila mtu aliniita Akinyi na kumkumbuka marehemu! Nilikutuma wewe, kidato cha pili, nikasema ni muhula mmoja. Ukawa miaka miwili. Na Dani, akili ilipoanza kumpotea, akawa anakuita Achieng. Ulinipigia simu ukauliza, "Mama, mbona Dani ananiita jina lako?" Nikasema ni ugonjwa. Haukuwa ugonjwa. Alikuwa amekuita hivyo tangu una siku sita, moyoni, na ugonjwa ulimwondolea tu kizuizi nilichomwekea mimi. Alikufa akidhani anatunzwa na binti yake aliyeondoka. Labda alikufa na furaha. Wewe ulitoka pale na miaka miwili pungufu, ukakataa kurudi kukaa na watoto wadogo kwenye dawati moja, na sikuweza kukulaumu.

Hapo ndipo alipoingia Mwangi. Najua unachoka nikimtaja. Wiki sita za ndoa, na nikisikia mkokoteni wake ukigonga jiwe la mlangoni moyo unaruka kama wa msichana. Nikiwa na miaka arobaini na minne! Ananiletea kiazi chenye umbo la moyo, anakiweka mezani, anakaa kukitazama kana kwamba amekilima kwa ajili yangu tu. Amejifunza kula samaki na kichwa chake, yeye mtu wa Ol Kalou aliyekuwa akiogopa hata harufu. Ananiita "Akinyi wangu" mbele ya wanawake wote wa mgongo wazi, nao wanacheka mpaka wanafuta macho. "Mama Akoth, huyu Mkikuyu ulimlisha nini?" Nawaambia, mifupa tu, angalieni alivyonona.

Lakini alipoanza kunichumbia hakulijua jina hilo. Alimchumbia Achieng. Jumapili ya kwanza mchungaji alipotangaza ndoa yetu, alisoma, "Mwangi na Achieng," akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Na mimi nikamwona, Akoth, mchana kweupe, kwenye benchi la nyuma karibu na mlango, na viatu mkononi. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza jina lake likiitwa na hajui aitike ama asiitike. Nilipotazama tena alikuwa mama mmoja mnene na mtoto wake. Nilijua hata hivyo. Msichana niliyemnyima jina, cheti na mtoto wa kumrithi, sasa nilikuwa naelekea kumwoza, yeye aliyelala nje ya ua kwa sababu hakuolewa.

Nilikwenda kwa Mwangi ghalani siku iliyofuata. Nilimweleza nikiwa nimekaa juu ya gunia, na nilipomaliza nilikuwa tayari kuinuka niondoke kabisa. Alikaa akibandua udongo kwenye kiazi kwa ukucha.

"Kwa hivyo nimemchumbia nani?" akauliza.

"Mimi."

"Na wewe unaitwa nani?"

"Akinyi."

"Akinyi," akasema. Akajaribu tena, polepole, kwa ule ulimi wake wa kwao, "Akinyi." Miaka kumi na minane hakuna mtu mjini aliyeniita hivyo kwa upendo. Akasema, "Sasa sikiliza. Mimi ni mtu mmoja na viazi vyangu. Siwezi kuoa mtu na dada yake siku moja. Twende tumrudishie jina lake, halafu wewe nikuoe."

Basi hakunigeuza mtakatifu. Alisema tu kwamba atanisubiri. Ndoa ikasogezwa miezi minne. Tulikwenda kwa chifu kule Asembo, mbele ya wazee, nikasema mwenyewe. Mzee mmoja akaniuliza, "Ulishindwa kumwacha hata na jina?" Nilirudisha kitambulisho, nilirudisha cheti cha mtihani kwa baraza la mitihani. Ofisa pale akaniuliza, "Unajua hili ni kosa la kushtakiwa?" Nikasema najua. Akaniambia niandike maelezo yangu, watanipigia. Hawajapiga bado. Sasa unajua kwa nini nashtuka nikiona nambari ngeni kwenye simu. Kazi niliiacha kabla haijaniacha, nikarudi kwenye karai. Ulidhani ni Mwangi aliyenikataza kazi. Nilikuacha udhani, maana ilikuwa rahisi kuliko haya.

Tulikwenda pia kaburini. Mwangi alibeba nusu gunia la viazi kwa sababu alisema kwao mtu haendi kwa shemeji mikono mitupu, na shemeji mwenyewe hakuwa na wa kuvipokea ila mikonge. Nililitamka jina lake kwa sauti, jina lote na la baba yetu. Nikamwambia, matokeo yametoka, Achieng, yalikuwa yangu, wewe hukupewa nafasi ya kufanya. Ningependa kukuandikia kwamba tangu siku hiyo nalala salama. Bado anakuja. Ila sasa hasimami mlangoni kuniuliza. Anapita nje ya dirisha, viatu mkononi, kama anayetafuta nyumba nyingine. Na hilo ndilo lililonitetemesha leo nilipoikuta ile nakala kwenye bahasha yako. Niliogopa nyumba anayoitafuta ni yako.

Ungeingia kwa ile nakala, nakuambia ungeingia. Wangeipokea, wangeibandika, ungefanya mtihani, ungepita, una kichwa kuliko mimi. Ila kila mahali cheti kile kingekwenda, kungekuwa na karatasi nyuma yake inayosema mama yako ni marehemu wa nje ya ua, nawe ungejua. Mimi sikuwa na aliyejua zaidi yangu na mama yangu, na haikunipunguzia kitu. Ungeanza kuitika kwa kuchelewa. Ungeanza kuziba mambo kwa kiganja. Sitaki nikuone hivyo, nami ndiye niliyekufundisha njia bila kufungua mdomo.

Mimi mwenyewe nimerudi ngumbaru. Sikukuambia kwa sababu ningeona haya ukinicheka. Naanzia chini, mtihani ule wa msingi niliouruka, kisha nikijaliwa ule wa kidato cha nne, tena, kwa jina langu. Nakaa na Mzee Odera, ana miaka sitini na tatu, ananiibia majibu waziwazi. Jana alinong'ona, "Mama, andika kubwa kidogo, macho yangu hayafiki." Mwangi amenishonea mfuko wa vitabu kutoka kwenye gunia la viazi, umeandikwa kilo tisini ubavuni, na naubeba kama bibi arusi. Nacheka sana siku hizi, umeona? Kisha simu inaita.

Kuhusu cheti chako. Nilikwenda ofisi ya vizazi na vifo wiki mbili zilizopita, bila kukuambia, nikaomba jina la mama libadilishwe. Nilipeleka barua ya chifu na kiapo. Yule dada wa dirishani alisema huenda kikawa tayari kabla ya mwisho wa mwezi, na huenda kisiwe. Sikukuambia kwa kuwa sikutaka kukupa tumaini la kukopa. Nitakuwa pale dirishani kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko, watanichoka.

Wewe jiandikishe jina kwenye orodha yao, uwaambie karatasi moja inakuja, wala usiseme zaidi. Mengine niachie mimi. Na kama moyoni bado unanichukia kwa kuitoa ile nakala, nichukie, una haki, ila nichukie mimi Akinyi niliyefanya. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa Nakuru, kwenye mlango wa kituo hicho. Kama cheti kitakuwa kimetoka, nitakuja nacho mkononi. Kama hakijatoka, nitakuja hivyo hivyo, niombe kumwona mkuu wa kituo, nisimame mbele yake na mbele yako, nimwambie kwa mdomo wangu ni nani aliyekuzaa.